Milango ilifungwa, Yesu akaingia: amani ya Mfufuka tunaionaje ndani ya jumuiya zetu?

Kibarazani (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wana jukwaa. Ndugu zangu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Jambo hili ninalo moyoni tangu Jumapili ya pili ya Pasaka na nimeona nilete hapa tulijadili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akitulia.

Sisi Wakatoliki Jumapili hiyo tunasoma Injili ileile kila mwaka, iwe mwaka A, B au C wa mzunguko wa masomo ya Misa: Yohane 20 kuanzia mstari wa 19. Kwa sababu tumeizoea, wengi tunaisikiliza kwa sikio moja, tunajua itaishia kwa Tomaso na Padre atatuambia tusiwe na mashaka. Naomba tuisome taratibu. Ni jioni ya siku ya kwanza ya juma. Asubuhi Maria Magdalena amewaambia kabisa kwamba amemwona Bwana. Petro na mwenzake wamekimbia mpaka kaburini, wameiona sanda kwa macho yao. Habari njema wanayo, tena mbichi, na bado wamejifungia ndani kwa hofu.

Ndipo "akaja Yesu, akasimama katikati, akawaambia, Amani iwe kwenu."

Hebu fikirini ni akina nani wamo humo chumbani. Yumo aliyemkana mara tatu. Wamo waliotawanyika usiku ule wa Gethsemane. Kwa desturi zetu, mtu akitoka kwenye jambo zito kama lile na hakuwaona ndugu zake, neno la kwanza lingekuwa "mlikuwa wapi?" Yeye hakuuliza. Aliwapa amani, akawaonyesha mikono na ubavu, kisha akawavuvia na kuwakabidhi kazi ya kuondoleana dhambi. Amani, majeraha na msamaha vinakuja pamoja jioni hiyo, na vinakuja kwa watu waliokaa pamoja.

Hoja yangu ni hii: wengi wetu tunaitafuta amani ya Kristo mfufuka kila mtu kivyake, na tukiikosa tunajilaumu kwamba imani yetu ni haba. Wakati mwingine tatizo ni kwamba hatupo pale alipozoea kusimama.

Mtazameni Tomaso. Hakuwepo siku ile. Wenzake wakamwambia, akagoma, akaweka na masharti ya kuona kovu za misumari. Watu humsema sana kwa hilo, mimi naona kuna jambo linatupita. Siku nane baadaye yumo chumbani pamoja nao. Wiki nzima watu kumi wanaosema "tumemwona" wamekaa na mmoja anayesema "sisadiki". Hawakumfukuza kwa kuwaharibia furaha, wala yeye hakususa. Yesu alipokuja mara ya pili hakumfuata Tomaso pembeni. Alisimama tena katikati ya wote, akasema tena "Amani iwe kwenu", ndipo akamgeukia. Sisemi kwamba Bwana hamtokei mtu akiwa peke yake. Maria alimwona bustanini, na Luka anasema alimtokea Simoni. Ila huyu mwenye mashaka alipona ndani ya kundi, kwa sababu kundi lilimvumilia na yeye akalivumilia.

Na kuna kitu kwenye mstari wa 26 kinanishangaza kila nikisoma. Siku ya nane milango bado imefungwa! Wameshamwona, wameshapewa Roho Mtakatifu, na komeo bado liko palepale. Kwa hiyo ndugu yangu uliyesali na wenzako Jumamosi, Jumatatu ukaamka na hofu yako ileile ya kodi ya nyumba au majibu ya hospitali, usidhani uliigiza. Hata mitume hofu haikuwatoka kwa siku moja.

Sasa nije kwetu. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, walilizungumza jambo la jumuiya ndogondogo kwenye mkutano wao wa mwaka 1973 Nairobi, na mwaka 1976 wakalifanya kuwa kipaumbele. Walitaka Kanisa liwe mtaani, nyumba kwa nyumba, kwa watu wanaojuana kwa majina na shida zao. Kisha zikatufikia zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizoandaliwa na taasisi ya Kikatoliki ya Lumko, Afrika Kusini. Wenye jumuiya hai mnazijua: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mtu anachagua neno lililomgusa na kulitamka taratibu mara tatu, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunapanga kazi ya kufanya, tunasali.

Siku hizi jumuiya nyingi za mjini zinaruka hatua ya tatu na ya nne ili kuwahi matangazo. Inaniuma sana, maana kwa ninavyoona mimi hapo ndipo penyewe. Mama muuza vitumbua akitamka "akasimama katikati", akanyamaza, akarudia, akanyamaza, akarudia, nyumba nzima inabadilika. Hakuna anayefundisha. Msomi na asiyejua kusoma wamekaa mkeka mmoja, Neno linawashukia sawa.

Niwape ushuhuda mmoja. Kwetu huku Mbagala kuna fundi seremala alifiwa na kijana wake kwa ajali ya bodaboda. Baada ya arobaini akaacha kusali. Hakugombana na mtu, alisema tu hana la kumwambia Mungu. Tulimtembelea, tukatoa pole, hakuna kilichobadilika. Ndipo mwenyekiti wetu, mama mmoja mkimya sana, akamfuata na kumwomba ruhusa: zamu ijayo tusalie kwako, wewe si lazima ukae. Akakubali kwa shingo upande. Tulivyofika alituachia sebule, akachukua kigoda akakaa nje kibarazani, mgongo kautegemeza ukutani chini ya dirisha. Tukasali kama kawaida, hakuna aliyemwita ndani. Tukaomba kurudi tena kwake, akasema rudini. Siku moja katika zile, tukiwa kwenye Injili hii ya Yohane, ikasikika sauti dirishani: "Someni tena pale pa kovu." Msomaji akasoma tena. Tukanyamaza. Hakusema kingine siku ile.

Leo anakuja. Kilio hakijaisha, na ikifika tarehe ya ajali hafungui karakana. Lakini yeye ndiye siku hizi anayetangulia kwenye misiba ya vijana mtaani kwetu. Anafika, anakaa na baba wa marehemu, hasemi mengi. Mimi nikiulizwa Yesu mfufuka nimemwona wapi, nataja sebule ile.

Naomba tusikie na kwenu. Mmeuona uwepo wake mkiwa pamoja? Na kama jumuiya yenu imepoa, ilipoa wapi?

Mtumishi wa Kawaida

Milele amina mkuu. Uzi mzuri, ila niseme ukweli wa wengi. Jumuiya yetu ni michango mwanzo mwisho. Tukimaliza "Kwa jina la Baba" linafunguliwa daftari. Mchango wa ujenzi, mchango wa kumpokea askofu, mchango wa sare. Dada mmoja mpangaji, anafua nguo za watu, alisomwa jina mbele ya wote kwamba anadaiwa. Hakurudi tena. Halafu baada ya hapo tukapeana mikono tukasema amani ya Kristo. Amani gani hiyo?

Na jambo la pili. Tuna watu wawili wameshtakiana baraza la kata kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Kila mtu anajua, hakuna anayegusa. Tunaimba tu. Ni funika kombe mwanaharamu apite.

Mwana Bukoba

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, naomba nichangie kwa upande wetu, hasa kwa hilo la kufunika kombe.

Wazee wetu Kagera walilelewa na uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki. Chimbuko lake watu hulitaja mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walipokutana kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Bukoba. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Wao hawakuwa na daftari. Walikuwa na kitu walichokiita kutembea nuruni. Ukija kwenye ushirika unasema palepale, kwa jina la tendo, ulichomkosea ndugu yako. Kama uliiba mkungu wa ndizi, unaurudisha. Bibi alitusimulia mwanamke aliyesimama kanisani akasema kwa muda mrefu amemchukia mke mwenzake, akamtaja, na yule alikuwa amekaa benchi la nyuma. Walikumbatiana wakalia, watu wakaimba mpaka giza likaingia. Wale wanawake walizeeka wakilima shamba moja.

Nakubali kulikuwa na kupitiliza. Wengine walilazimishwa kuungama mambo ambayo hayakupaswa kusemwa hadharani, na waliosita wakaitwa hawajaokoka. Hilo liliwajeruhi watu, tusilisahau. Lakini walichokishika wazee ni kwamba msalaba na ufufuko vinakutana na watu walioacha kujificha. Mleta uzi umesema Yesu aliingia akaonyesha majeraha. Na sisi tukiingia tuonyeshe ya kwetu.

Mchangiaji Mgeni

Mimi nitakuwa tofauti. Nikiwa kwenye kundi sisikii chochote. Nikiwa peke yangu chumbani usiku, taa imezimwa, ndipo napata amani. Kwani ni dhambi? Na sitaki tena kusali na watu walionisema.

Dada wa Muscat

Mgeni, si dhambi kabisa. Yesu mwenyewe alipanda mlimani peke yake. Ila nikueleze huku niliko.

Nafanya kazi za ndani Oman. Makanisa yapo, Ruwi na Ghala, kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani Qaboos, na Ijumaa yanajaa watu wa kila taifa kwa sababu huku Ijumaa ndiyo mapumziko. Kwangu tatizo ni ofu, yaani siku ya kupumzika kazi. Kuna miezi inapita sijatoka getini. Nikasali peke yangu chumba cha stoo karibu na mashine ya kufulia, na ninakwambia kuna wakati sala ilinikauka kabisa. Nilikuwa nasema maneno, hayafiki popote.

Dada mmoja Mkenya niliyekutana naye siku nilipopata ofu akaniingiza kwenye kundi lao. Ni wanawake wa Tanzania, Kenya na Uganda, wengine Wakatoliki, wengine Wapentekoste, wengine Waanglikana. Usiku kazi zikiisha mmoja anatuma sauti, anasoma mistari michache. Kila mtu anajibu kwa sauti yake, kwa kunong'ona maana bosi kalala. Unasikia mtu anasoma Zaburi na nyuma yake friji inaunguruma. Mwingine anasema tu "leo nimelia, niombeeni", na zinaanza kuingia sauti moja baada ya nyingine, amina, amina, amina.

Siku mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake nyumbani, akanyimwa ruhusa ya kusafiri, tulikesha naye hivyo mpaka alfajiri kwa zamu. Mazishi yalipokuwa yanafanyika kwao sisi tulikuwa tunaimba naye kwenye simu. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alihisi kuna mtu kaingia chumbani mwake, na hakuogopa. Mimi ninamwamini.

Hatujawahi kukaa mkeka mmoja. Lakini walipo wawili watatu, Bwana ameahidi, na hakusema umbali.

Mrundi wa Kigoma

Amani iwe kwenu. Niliusoma uzi huu kimyakimya, maana kwetu neno amani lina damu ndani yake.

Niwakumbushe Buta. Ni seminari ndogo ya jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Vita vilikuwa vimepamba moto tangu 1993, na nchi nzima watu walikuwa wanatengana, mtaa wa hawa na mtaa wa wale. Pale Buta, Wahutu na Watutsi waliendelea kula meza moja na kulala bweni moja. Pasaka ya 1997 ilikuwa tarehe 30 Machi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Aprili, alfajiri, wenye silaha wakavamia bweni wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa vijana 40.

Milango ya bweni lile haikuwaokoa. Sitaki mtu aseme Yesu akiwa katikati risasi haziingii. Ziliingia. Lakini mjiulize, vijana wa shule za sekondari walipata wapi nguvu ya kukaa pamoja, wakati kutengana kungewaokoa baadhi yao? Nguvu ile haikuzaliwa alfajiri ile. Ilijengwa siku kwa siku, kwenye sala za pamoja, kwenye kuzungumza waziwazi juu ya chuki iliyokuwa inawaua ndugu zao nje. Leo Buta ni mahali pa hija, watu wa makabila yote wanapiga magoti kwenye makaburi yale.

Mimi nilikulia kambini. Nilibatizwa na katekista wa kabila ambalo nyumbani niliambiwa niliogope. Alinishika kichwa kwa mkono wake. Ninaposikia "Amani iwe kwenu" naukumbuka uzito wa mkono ule.

Kibarazani (mleta uzi)

Nimewasoma wote, wengine zaidi ya mara moja. Mrundi wa Kigoma, asante ndugu yangu, sina la kuongeza kwenye neno lako.

Mtumishi wa Kawaida, umesema kweli tupu na sitaipamba. Yule dada wa kufua nguo ametendewa vibaya. Michango ina nafasi yake, Kanisa la Matendo 2 lilichangia pia. Ila soma vizuri: pale waliuza vitu na kumgawia kila mtu kwa kadiri ya haja yake. Mwenye shida alipokea. Jumuiya inayomdai asiye nacho mbele ya watu imegeuza Matendo juu chini. Ushauri wangu ni wa kufanya wiki hii hii: watu wawili mnaomheshimu nendeni kwake bila daftari. Mwombeni radhi kwa niaba ya jumuiya. Msimwambie arudi, mwulizeni anaendeleaje na watoto wanakula nini. Halafu mkazungumze na mwenyekiti, madeni yasisomwe tena kwa majina. Jumuiya kadhaa za huku kwetu zinatumia bahasha na mhazini anabaki nayo siri, na michango haijapungua.

Hao wa mpaka wa kiwanja, msikimbilie kuwapatanisha kwa kuwashikanisha mikono. Amani ya Bwana ilikuja na makovu yakiwa wazi. Mpaka ukapimwe kwanza, kila mmoja aseme alivyoumia, aliyedhulumu arudishe. Mkiwapeleka kwenye kupeana amani kabla ya hapo mtakuwa mnamwambia aliyeumizwa afunike jeraha lake. Bibi wa Mwana Bukoba angewaambia hivyohivyo.

Mchangiaji Mgeni, endelea na sala yako ya usiku, usiiache. Na sikuambii urudi kwa waliokusema kesho. Ila tafuta hata mmoja. Inaweza kuwa jirani, dada yako, au hata sisi humu. Mathayo anasema mitume walipomwona mlimani walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka, na walikuwa wamesimama mstari mmoja na wenzao. Kama una neno usiloweza kusema hadharani, nitumie pembeni. Nikikuombea nitamwomba na yule seremala tukuombee pamoja, nimeshamgusia habari zako bila kutaja jina, akasema mwambie asiharakishwe.

Dada wa Muscat, hiyo hatua yenu ya kutuma sauti nimeipeleka jumuiyani kwetu. Tuna mama amepooza, haamki, na Jumamosi huwa tunamwachia sala tukirudi. Tumekubaliana kuanzia wiki hii msomaji arekodi Injili usiku wa Ijumaa amtumie yeye kwanza, naye achague neno lake atutumie, ndilo tutaanza nalo. Ukipata nafasi tueleze mnavyopangana zamu, maana kwetu vijana wameshaanza kugombania nani arekodi.